Kasha la risasi na mpira wa kifuniko chake



Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekiona katika sinema za vita tu. Ni lile kasha la chuma la rangi ya kijani iliyofifia, lenye mkono juu na komeo upande mmoja, ambalo askari hubebea risasi za bunduki ya rashasha. Habari ya risasi wiki hii siitaki. Ninalotaka ni kasha lenyewe baada ya risasi kutoka, maana huko Marekani kasha hilo lina maisha ya pili, na maisha hayo ni marefu kuliko yale ya kwanza.

Wamarekani hulinunua katika maduka yanayouza masalio ya jeshi. Wenye bunduki za kuwindia huwekea risasi zao, na wasio na bunduki hutia humo vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba, picha za harusi, mbegu za bustani, kamera na dawa za huduma ya kwanza. Ndugu zetu Waswahili wanaoishi huko nao wamejifunza mtindo huo. Mtu hununua kasha, hutia ndani mambo yake yote ya thamani, hubana komeo kwa nguvu, hulisukuma chini ya kitanda au katika chumba cha chini ya nyumba, kisha hulisahau miaka 10. Hapo kwenye kusahau ndipo penye mazungumzo yetu.

Kwanza tulijue kasha lenyewe. Lililo maarufu kuliko yote huitwa M2A1. Lilitengenezwa kubeba risasi 100 za bunduki kubwa ya rashasha, zikiwa zimeungwa mkanda. Kwa ndani lina urefu wa sentimita 28 hivi, upana wa 14 na kimo cha 18, na likiwa tupu lina uzito unaozidi kilo 2. Mdogo wake huitwa M19A1, mwembamba zaidi, ambaye hubeba risasi 200 za bunduki ya wastani. Yote mawili ni ya chuma kilichopakwa rangi, na ubavuni yana maandishi ya manjano yanayoeleza kilichokuwamo ndani.

Biashara ya masalio haya ilipata nguvu na Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kushughulikia mali ya serikali itakayozidi mahitaji. Amani ilipokuja, maduka yakajaa mahema, mabuti, makoti, mitumbwi ya mpira na makasha. Watu wa kwanza kulitambua kasha kuwa ni hazina walikuwa pamoja na wale wapenda hatari wanaoshuka mto Colorado kwa mitumbwi ya mpira, katikati ya lile korongo kubwa la Arizona. Katika miaka ya 1950 mwanamke mmoja hodari, Georgie White, alikuwa akifunga pamoja mitumbwi mikubwa iliyonunuliwa kwenye masalio ya jeshi na kuwapitisha abiria katika maporomoko ya mto huo. Katika safari za namna hiyo mtumbwi unaweza kupinduka, mzigo wote ukazama, na kamera iliyomo ndani ya kasha ikatoka kavu kama ilivyoingia. Mpaka leo wasafiri wa mto ule wanatumia makasha hayo. Hata yapo makubwa zaidi, yaliyokuwa ya maroketi, ambayo waligeuza kuwa choo cha safari, kwa sababu hairuhusiwi kuacha uchafu wa binadamu korongoni. Zamani halikuwa na kiti cha kukalia, na aliyekalia kingo zile za chuma aliondoka na mifereji miwili mapajani. Choo hicho kikapewa jina la utani kutokana na mifereji hiyo, na jina hilo bado linatumika. Naomba radhi kwa wanaokula.

Sasa, ndugu msikilizaji, ni kitu gani kinachozuia maji ya Colorado yasiingie? Chuma kinazuia kuta, na hiyo ni kazi rahisi. Kazi ngumu inafanywa na ukanda mmoja wa mpira, mnene kama kidole cha mtoto, uliolala katika mfereji ndani ya kifuniko. Mafundi wetu wa magari wangeuita gasketi. Komeo likibanwa, mdomo wa kasha huuma mpira ule pande zote nne, na hewa ya nje haina pa kupita. Mpira ukifa, ulicho nacho ni sanduku la chuma la kawaida, zito tu kuliko mengine.

Na mpira hufa. Haufi kwa siku moja, na haufi kwa kutumiwa sana. Mara nyingi hufa kwa kubanwa muda mrefu mahali pamoja. Mpira uliobanwa miaka 30 ghalani hujifunza umbo la kubanwa. Ukifungua kifuniko utaona mfereji umechimbika katikati yake, na hata ukibonyeza kwa kidole haurudi juu. Joto huzidisha maradhi hayo, na jua huukausha mpaka ukapasuka nyufa ndogo. Kwa hiyo kasha tupu lisilo na kazi lisiwekwe likiwa limebanwa komeo. Kifuniko kilaze juu tu, mpira upumzike. Ni jambo dogo lisilogharimu senti, na wachache sana wanalifanya.

Utajuaje kama mpira bado mzima? Chukua noti, au kipande cha karatasi kama noti. Kilaze kwenye mdomo wa kasha, nusu ndani nusu nje, ubane komeo, kisha ukivute. Kikitoka kwa urahisi, hapo pana upenyo. Rudia pande zote na pembe zote, maana kasha linaweza kuuma vizuri upande wa komeo na kulegea upande wa bawaba. Halafu ufanye jaribio la maji. Tia ndani karatasi kavu za chooni, uongeze mawe ya kutosha kulizamisha (likiwa tupu litaelea), ulifunge na kulizamisha katika beseni la maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu ule hupasha hewa iliyomo ndani, hewa hutanuka na kutafuta njia ya kutokea, na mapovu yatakuonyesha mahali penyewe. Liache robo saa. Ukilitoa, lifute vizuri kabla ya kufungua, la sivyo maji ya juu yataingia nawe utalishutumu kasha bure.

Ukiona mpira umeshindwa, usihangaike na gundi wala vipande vya tyubu ya baiskeli. Mipira mipya ya makasha haya inauzwa huko huko. Mzee hutolewa kwenye mfereji wake, mfereji husuguliwa, na mpya huwekwa. Kifuniko cha M2A1 nacho hutoka chote kwenye bawaba, kwa hiyo aliye na makasha mawili mabovu anaweza kupata moja zima kwa kuunganisha kifuniko chema na mwili mwema. Ila ajaribu upya, kwani viwanda vilivyotengeneza ni vingi na vifuniko vyake havikubaliani kila mara.

Mpira ulio mzima uoshwe kwa sabuni na maji, ukaushwe, upakwe grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Wapo wanaopaka mafuta ya mgando, haya tunayopaka miguuni. Mafuta hayo yanatokana na petroli, na iko mipira ambayo hulainika na kuvimba ikikutana nayo. Kwa kuwa huwezi kujua kwa macho mpira wako ni wa aina gani, yaache mafuta ya mgando yaendelee na kazi ya miguu.

Tuje kwenye kutu. Bonde dogo ubavuni mwa kasha si tatizo, ni alama ya maisha tu. Bonde kwenye mdomo, pale panapouma mpira, ni sababu ya kuliacha dukani. Geuza kasha ulitazame chini, kwenye maungio ya kitako, maana maji ya sakafuni huanzia hapo. Kisha ingia nalo chumba cha giza, utie tochi inayowaka ndani na kulifunga kwa nguo nzito juu. Ukiona nyota ubavuni au kitakoni, chuma kimetoboka.

Kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa. Yenye mizizi hupakwa dawa ya asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa tabaka jeusi lililoshikamana na chuma. Asiye nayo anaweza kutumia siki, mradi asuuze na kukausha saa hiyo hiyo. Baada yake ni rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, mikono miwili myembamba. Mpira uondolewe kwanza, na mdomo wa kasha usipakwe rangi nene, maana donge moja la rangi hufungulia unyevu mlango.

Hapa pana hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Rangi za zamani za kijeshi zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kiswahili chetu kina jina moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka mtutu wa bunduki, na kwa kasha hili jina limepata maana zote mbili. Risasi zilizokuwa ndani zimekwenda, lakini risasi iliyo ukutani inaweza kukufuata kwa njia ya vumbi. Basi usisugue kasha kuukuu likiwa kavu. Lilowanishe, usugulie nje ya nyumba, ufunike pua na mdomo, na watoto wawe mbali. Vumbi la madini hayo huharibu ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo sana.

Baada ya kupaka, usiwe na haraka. Rangi inayonuka bado inatoa mvuke, na mvuke ule ukifungiwa pamoja na picha za marehemu babu utazidhuru. Liache kasha wazi kwa wiki kadhaa. Wahenga walisema chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, na makasha mengine hunuka mafuta ya bunduki hata yaoshwe vipi. La namna hiyo litiwe spana na misumari.

Nimefika penye kiini cha jambo, na hapa ndipo watu wengi huharibu mali zao wenyewe. Kasha lisilopitisha hewa halipitishi kwa pande zote mbili. Unyevu wa nje hauingii, na unyevu wa ndani hautoki. Aliyefunga unyevu humo ameuhifadhi vizuri sana.

Tufanye hesabu kidogo. Hewa ya nyuzi 30, ikiwa imeshiba unyevu kama hewa ya mji wa pwani wakati wa mvua, hubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kasha letu lina lita 7. Maana yake hewa yote iliyomo ndani ina maji ya moja ya tano ya gramu, matone manne hivi. Mtu atasema hayo si kitu. Sawa, lakini karatasi nayo hunywa maji kutoka hewani. Karatasi iliyokaa katika hali hiyo inaweza kuwa na maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, au zaidi, na mkono wako utaiona kavu kabisa. Kilo moja ya vyeti na barua, basi, imeingia kasha na gramu 80 za maji. Hiyo ni karibu robo ya chupa ya soda.

Mchana chuma kikipata joto, karatasi hutoa sehemu ya maji yale. Usiku chuma hupoa, na maji huganda kama jasho ndani ya kifuniko, yakadondoka. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukungu uanze kula pembe za hati. Mwenyewe akifungua husema kasha limevuja, kumbe mpira wake ulikuwa mzima kuliko alivyodhani.

Wengi hutegemea vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vilivyoandikwa kuwa visiliwe. Ni vizuri, chembe hizo za silika hunyonya unyevu kweli. Lakini gramu 100 za silika hubeba gramu 20 hivi za maji, na kipakiti cha kiatu kina gramu chache tu. Tena kile ulichokitoa kabatini baada ya miezi sita kimekwisha kushiba zamani. Lazima kikaushwe kwa oveni yenye nyuzi 110 hadi 120, saa moja au mbili, ndipo kianze kazi upya. (Kuna chembe za buluu zinazogeuka waridi zikishiba. Zina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo zisipitie jiko la chakula.) Na wale wanaotia mchele katika kitambaa wasijidanganye. Mchele wenyewe una maji yake, na unaita wadudu.

Dawa ni kukausha vitu kabla ya kufunga. Chagua majira makavu. Huko Marekani ya kaskazini ni majira ya baridi, wakati nyumba zikipashwa moto na hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Zitandaze karatasi siku mbili tatu chumbani, mbali na jua, ndipo uzifunge pamoja na silika mpya. Silika hapo inabaki na kazi ndogo ya kumalizia, na kazi hiyo inaiweza.

Nigusie yasiyofaa kuwekwa humo. Negativu za filamu za zamani hutoa harufu ya siki zinapoanza kuoza, na mvuke huo ukifungiwa huzidisha kuoza kwenyewe. Hizo zinataka hewa. Vyombo vya fedha vinaweza kuwa vyeusi kwa salfa inayotoka kwenye mpira. Baruti ya kumwaga isiwekwe katika kasha hili hata siku moja, kwa sababu baruti iliyofungiwa ndani ya chuma kinene ikishika moto ni bomu. Wala mtu asidhani kasha linazuia moto wa nyumba. Chuma hupitisha joto upesi, mpira huyeyuka, na karatasi zilizomo ndani huwa mkaa hata kama ndimi za moto hazikuzigusa. Mwenye hati ya nyumba awe na nakala yake mahali pengine.

Kasha liwekwe juu ya vipande vya mbao, lisigusane na saruji, maana saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini na kukila kitako polepole. Lisiwekwe darini chini ya bati wala ndani ya gari. Mara moja kwa mwaka lifunguliwe, mpira uguswe, silika ikaushwe, na vilivyomo ndani viandikwe juu ya karatasi iliyobandikwa nje, juu ya yale maandishi ya manjano au mahali pake. Jambo la kubandika si la mapambo. Kasha linaloendelea kusema kwa maandishi makubwa kwamba lina risasi 100 linaweza kumwingiza mwenyewe katika maswali marefu kituo cha mabasi au bandarini.

Na hili linanileta nyumbani. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiondoke hapa akaanza kutafuta makasha ya risasi. Kwetu vifaa vya jeshi si bidhaa ya gulio, na atakayekutwa navyo atahitaji maelezo mazuri. Kubwa kuliko hilo, wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka Aprili 2009 ghala la silaha lilipolipuka Mbagala, na Februari 2011 lilipolipuka la Gongo la Mboto. Watu walikufa, na mabomu yaliruka hadi kwenye makazi ya raia. Kasha, ganda au chuma chochote cha namna hiyo kinachookotwa shambani au kwenye vyuma chakavu kisifunguliwe kuangaliwa kama mpira wake ni mzima. Mtu asikiguse, awazuie watoto, awaite polisi.

Lakini kazi ile kasha linayoifanya, tunaihitaji kuliko Wamarekani. Desemba 2011 mto Msimbazi ulipofurika, na Aprili 2024 maji yalipoingia Mathare, waliookoka walianza maisha wakiwa hawana cheti cha shule, cha kuzaliwa wala cha ndoa. Mwenye nyumba asiye na hati ni mpangaji anayesubiri kufukuzwa. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza na mpira ndani, ile inayokuja na rangi au mafuta ya kupikia, huweza kufanya kazi hiyo ikioshwa vizuri na mpira wake ukipimwa kwa noti na kwa beseni kama nilivyoeleza. Wakulima wetu wanaotumia ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi wanaijua kanuni hii. Wanaambiwa wakaushe nafaka hadi unyevu uwe asilimia 13 hivi kabla ya kufunga, kwani mfuko unaoua wadudu kwa kuwanyima hewa hauwezi kuyakausha mahindi yaliyoingia mabichi.

Kwa wakazi wa pwani, masika yakiisha na hewa ya kipupwe ikianza kukauka, mwezi wa Julai au Agosti, hiyo ndiyo wiki ya kutandaza vyeti mezani. Baada ya siku mbili vitie katika mifuko ya plastiki, vifuke ndani ya ndoo, ndoo iwe juu ya kabati na si chini ya kitanda, na watu wawili nyumbani wajue ilipo.